Ule wimbo una dakika 14

Mhariri, swali lenu la wiki hii linasema: "Rafiki yako amekuomba upige muziki kwenye sherehe nyumbani kwake, na hujawahi kuifanya kazi hiyo. Utajiandaaje?" Nimelisoma nikiwa kibandani, nikacheka peke yangu mpaka mteja akauliza kuna nini. Nikamwambia hakuna kitu. Kuna kitu.

Mimi nauza nyimbo. Nina kibanda Makorora, hapa Tanga, naingiza nyimbo kwenye memori kadi na flashi, natoa kopi, nachaji simu. Ukishauza nyimbo mtaani miaka 6, watu wanaamini na kuzipiga unajua, kana kwamba kila muuza viatu anaweza kucheza mpira. Ndivyo shoga yangu alivyonijia mwaka jana alipokuwa anahamia nyumba yake mpya, kule Mikanjuni. "Shoga, DJ wa kukodi bei yake imenishinda. Nyimbo zote unazo wewe. Utanipigia."

Mambo ya vifaa nayataja haraka, maana najua mtapata barua nyingi zitakazoyaeleza vizuri kuliko mimi. Nyimbo ziwe kwenye flashi 2, na moja ikae kwa mtu mwingine. Nunua uniti za umeme za LUKU mchana, usingoje usiku. Taa nyekundu za miksa ukiziona zinawaka, punguza. Ukiendelea kusukuma, sauti inaanza kukwaruza na tuita, zile spika ndogo za sauti nyembamba, ndizo zinazoungua kwanza, na spika ni za watu. Kama simu ndiyo inayopiga muziki, izimie mtandao. Mimi mama alinipigia saa 2 usiku na mlio wa simu yangu ukatokea kwenye spika za inchi 15, ua mzima ukajua ninatafutwa nyumbani. Na uangalie kasi: amapiano inatembea kwenye mapigo 112 hivi kwa dakika, singeli inapita 200. Usijaribu kuziunganisha. Kata, sema neno, anza upya.

Hayo yote niliyajua kabla ya siku. Kwa wiki 3 nilifunga kibanda, nikala, nikakaa na laptopu na programu ya bure, hedifoni sikio moja, nikijifunza kuingiza wimbo juu ya wimbo bila watu kuhisi mshono. Kwenye vifaa sikukosea, ukiacha ile simu ya mama.

Kilichonichoma kwenye swali lenu ni kwamba mmeuliza la vifaa mkaacha la watu. Mngeuliza hivi: DJ akipiga wimbo, maneno yaliyomo ameyasema nani? Ameyasema mwimbaji, aliyeuomba, au yeye aliyeuweka? Jibu langu, na nimelirudia kwa kila aliyeniuliza tangu usiku ule, ni kwamba DJ hana kosa. DJ ni tarishi. Barua si yake.

Msomaji wa bara anaweza kuona nakuza jambo. Sisi huku hatusikilizi wimbo tu, tunasikiliza unamwendea nani. Vikundi vya taarab vya Black Star na Lucky Star vilikuwa vya hapa hapa Tanga. Gitaa la umeme na besi viliingia kwenye taarab mikononi mwao, na Bi Shakila, aliyefariki 2016, aliimba na vikundi hivyo. Bibi yangu alikuwa akisema nyimbo za zama zile zilisema kwa mafumbo, ukitukanwa unajua baada ya siku 3. Halafu ikaja miaka ya 1990, vikundi vya TOT na Muungano vikirushiana mipasho jukwaani, na fumbo likavuliwa nguo. Siku hizi mwanamke akiinuka kwenda kutunza, watu hawatazami noti. Wanatazama ameinuka kwenye ubeti gani, na macho yake yameelekea wapi. Leso ina jina na wimbo una mwenyewe.

Basi siku ya siku. Mchana ilisomwa dua, watu wakala. Saa 12 jioni nikafunga vyombo uani: turubai, viti vya plastiki, spika 2 tulizokodi Ngamiani zikaja kwa guta. Nikaanza na za zamani za bendi za Atomic na Jamhuri ili wazee watikise vichwa. Adhana ya Isha nikazima, hilo halihitaji kufundishwa. Baada ya hapo nikaingia Bongo Fleva. Watu wamekaa. Nikapandisha kidogo, wamekaa. Walikuwa wanakula katlesi na kunywa juisi ya ukwaju na kusifia rangi ya nyumba. Mshono wangu mmoja ulipita vizuri hata mimi mwenyewe nikatabasamu. Hakuna mtu duniani aliyeujua.

Saa 3 na nusu akaja wifi yake shoga yangu. Wifi yule alikuwa mwema kwangu kuliko mtu yeyote usiku ule, kwa sababu aliniletea chakula. Wote mliowahi kukaa nyuma ya miksa mnajua kwamba mpiga muziki hakumbukwi. Sahani ya pilau, nyama ya mfupa juu yake, kachumbari pembeni, soda baridi. Akaiweka kwenye kona ya meza, akainama sikioni. "Mdogo wangu, niwekee ule wangu."

"Upi, dada?"

"Unaujua."

Nikaujua, maana ndiyo kazi yangu kuzijua nyimbo za wateja. Jina silitaji hapa, mwenye kuujua ataujua. Ni taarab ya kisasa, inamsema mtu anayejishaua kwa kitu kisicho chake. Una dakika 14. Nikala matonge mawili ya pilau, nikauweka.

Mwanzo wake ni kinanda tupu, karibu dakika 2, na kinanda kile kina tabia ya kuwaondoa watu vitini kabla hawajaamua. Wanawake wakaanza kuinuka mmoja mmoja. Wifi alikuwa amevaa dera. Akaingia ndani, nikadhani anakwenda msalani, akatoka amejifunga leso kiunoni. Hapo ndipo mtu mzima angeelewa. Mimi nilikuwa natafuna mfupa.

Maneno yakaingia. Ubeti wa kwanza wifi akacheza kwa utulivu katikati, hana neno na mtu. Kiitikio, akasogea. Ubeti wa pili, ule wenyewe, alikuwa mbele ya mwenye nyumba, amekunjua noti ya elfu 10, anaipeleka polepole kwenye paji la uso la shoga yangu kama mtu anayebandika stempu. Akaigandamiza. Kisha akainua kidole, akaonyesha bati.

Lazima niseme habari ya bati, ingawa nyinyi wa Mikanjuni mnaijua. Mama mkwe wa shoga yangu anakaa Pongwe, na paa lake linavuja. Inasemekana, mimi sisemi ni kweli, kwamba mwanawe alikuwa amenunua bati za kwenda Pongwe, na bati zikashuka njiani. Bati za nyumba mpya ni za rangi ya damu ya mzee. Nzuri sana. Usiku taa ikizipiga kwa chini zinang'aa. Kidole cha wifi kilipopanda, macho ya ua mzima yalipanda nacho, na vigelegele vikalipuka kama vya harusini.

Shoga yangu akacheka kwa meno, macho hayakucheka. Akacheza. Angefanya nini? Ukinuna umekiri, ukikaa umekiri, na noti iko usoni. Akacheza na wifi yake ana kwa ana, na kila walipogeuka wageni walikuwa wamewafanyia duara, watoto wamepanda ukutani, na mama mkwe mwenyewe ameketi kwenye kiti cha mbao karibu na mlango, mkono shavuni.

Na mimi je? Nilikuwa nimeelewa tangu kidole kilipopanda, dakika ya 5 hivi. Zimebaki 9. Nifikirieni vizuri hapo kabla hamjanihukumu. Ningekata wimbo, ningekuwa nimetangaza kwa spika 2 kwamba tusi limesikika na mwenye nyumba limemwuma. Ningeushusha taratibu, wale wanawake 30 wangeniuliza kwa nini, na jibu ni lile lile. Umeme ungekatika ningeshukuru, lakini uniti nilizinunua mwenyewe mchana, nyingi. Dakika ya 9 shoga yangu akanitazama juu ya bega la wifi yake. Hakukunja uso. Alinitazama tu, kama unavyomtazama mtu uliyemwachia ufunguo wa nyumba.

Wimbo ukaisha. Nikatupa singeli, vijana wakaingia na vumbi lao, yakafunikwa. Mama mkwe akaja mezani kwangu akiondoka, akasema, "Wimbo mzuri." Mpaka leo sijui alimaanisha nini. Saa 6 tukazima kama tulivyoelewana na mwenyekiti wa mtaa. Shoga yangu hakutoka kunisindikiza. Tangu siku hiyo mpaka baada ya Idi hatukusemeshana; akipita na baiskeli mbele ya kibanda anatazama upande wa bahari, na bahari iko mbali.

Nilipoanza kuandika nilitaka barua hii iishie hapo, niseme mmeona, nimeombwa wimbo na mgeni, nimeuweka, nimepoteza shoga, na kosa si langu. Sasa nimeisoma tena toka juu, na kuna mambo mawili sikuyaweka mahali pake.

La kwanza: wifi alikuja kibandani Alhamisi, siku 2 kabla ya sherehe. Aliuliza, "Ule unao?" Nikamwambia ninao, ila nakala yangu mbovu, ina kelele. Akasema, "Utafute safi." Nikautafuta. Alhamisi usiku ile ile niliupata wenye sauti safi, nikauweka kwenye orodha yangu, na nikaupa namba. Habari ya bati nilikuwa nimeshaisikia, kwa sababu kibandani kwangu watu hungoja kopi na midomo haingoji. Kwa hiyo nilipomwuliza "Upi, dada?" nilikuwa nauliza kwa adabu tu.

La pili: niliposema sikuushusha, ni kweli. Sikusema kwamba niliupandisha. Vigelegele vilipolipuka, mkono wangu ulipanda wenyewe, mpaka ile taa ya njano, karibu na nyekundu. Wiki 3 nimejifunza kuunganisha nyimbo, na tangu jioni watu wamenikalia vitini wakisifia rangi ya ukuta. Ghafla ua mzima umesimama, hata dada wa jikoni wametoka na miko mkononi, na aliyewasimamisha ni mimi. Hakuna programu inayokufundisha mkono ukae chini saa kama ile. Tarishi hasomi barua, nilisema. Mimi niliisoma, na bahasha nikainunua.

Kwa hiyo nawajibu sasa, baada ya kuzunguka. Kijana uliyeombwa kupiga kwa rafiki yako: usimwulize unapenda nyimbo gani, hizo unazijua, ndiyo maana ni rafiki. Mwulize nyimbo 3 ambazo hataki kabisa zisikike nyumbani kwake, na asikupe sababu. Mwulize nani anakuja na hasemezani na nani. Na maombi ya wageni usipokee, mara ya kwanza hasa, hata aje na pilau. Sema, "Mwenye shughuli ndiye ananipangia," umalize.

Isipokuwa akiomba mzee, huwezi kumkatalia mzee. Na isipokuwa kama wimbo wenyewe ni dansi la zamani lisilo na mtu ndani yake, kama upo wa namna hiyo. Na mkubali pia kwamba ukifuata ushauri wangu wote huenda watu wakakaa vitini mpaka saa 6, wakashukuru, wakaondoka, na asiwepo hata mmoja atakayekumbuka kwamba kulikuwa na muziki. Ile sherehe ya Mikanjuni inazungumzwa hadi leo. Wateja wapya nimepata.

Wiki iliyopita shoga yangu alisimamisha baiskeli kibandani. Alisalimia kama mtu aliyenisalimia jana. Akatoa memori kadi kwenye pochi, akaiweka juu ya kaunta, akasema, "Niingizie ule."

"Upi, shoga?"

"Unaujua."

Wifi yake anamwoza binti, Pongwe, na Jumamosi ijayo kuna singo ya bi harusi nyumbani kwa mama mkwe. Bati zimeshapanda kule, za kijivu. Muziki napiga mimi. Wifi mwenyewe ndiye aliyekuja kuniomba, akasema siku ile nilipiga vizuri. Nimemwingizia shoga yangu wimbo wake, pesa sikuchukua. Kwenye flashi zangu zote 2 upo pia, ile nakala safi. Kuupiga ni jambo jingine, sijasema nitaupiga.