Vipande vya kitenge na jinzi: acheni kubishana rangi, tengeni kwanza uzito

Dada aliyeanzisha mjadala huu kauliza hivi: fundi mmoja wa Mwanjelwa hapa Mbeya kampa salfeti mbili za mabaki, kuna vitenge, jinzi, mashati ya mtumba, sare za shule, anataka kushona blanketi la viraka bila patani yoyote, cherehani ni ya kuazima kwa jirani, na anaogopa litatoka kama matambara. Naona majibu karibu yote hapo juu ni habari ya rangi, sijui bluu haikai na kijani, sijui weka rangi tatu tu. Mi nashona haya mambo huku Uyole, baridi ya Juni na Julai mnaijua wenyewe, na ndugu zangu wa Njombe na Makete ndo usiseme, na ntakwambia dada yangu rangi haijawahi kuharibu blanketi hata moja. Kinachoharibu ni kushona kitambaa kizito na chepesi pamoja.

Hebu chukua jinzi uishone na khanga. Siku ya kwanza linapendeza mno, unapiga picha unaweka status. Sasa lifue. Jinzi ikilowa inakuwa nzito, inavuta, khanga haina nguvu ya kuishikilia, inaanza kuchanika pembeni ya mshono, yaani sio mshono unaofumuka, ni kitambaa chenyewe kinakatika kwenye mstari wa matundu ya sindano. Hapo hata uzi ungekuwa mzuri vipi hausaidii. Kwa hiyo kabla hujawasha taa ya cherehani mwaga salfeti zote chini, tenga mafungu. Vitenge, khanga, popelini na mashati ni fungu moja. Jinzi, kaki, kadeti na vitambaa vya makoti fungu lingine. Vinavyovutika kama fulana, leggings na masweta weka mbali kabisa, sio takataka, ila vina kazi yake nitakuja huko. Shona ndani ya fungu moja. Ukitaka lazima kitenge kiingie kwenye la jinzi, basi kiwekee kitambaa kingine kwa nyuma kiwe mara mbili, ndo ukishone.

Halafu kuna polista. Mabaki ya fundi yamejaa bitana na vitambaa vya suti ambavyo kwa macho unaona kama pamba. Chomoa uzi mmoja uchome na kiberiti, pamba inaungua kama karatasi inaacha majivu laini, polista inayeyuka inajikunja inakuwa kidonge kigumu cheusi. Sikatai kutumia polista, kitambaa cha suti kinadumu kuliko sisi, ila ukipitisha pasi ya mkaa iliyopamba moto juu ya bitana utaniambia.

Nguo za mtumba zishike juu ya mwanga wa dirisha. Ukiona mwanga unapenya kirahisi magotini au kwenye makalio ya suruali, hapo pamekwisha, pakate utupe au fanya kitambaa cha deki. Sehemu nzuri ya suruali ni nyuma chini ya goti, hiyo haichakai. Kwenye shati mgongo ndo mali, shati la mwanaume mkubwa wa kizungu lina mgongo wa kutosha vipande vingi sana na bei yake ukisubiri belo likifunguliwa halafu wachaguaji wa kwanza wapite, ni ya kutupa. Mfuko wa shati usiufumue, uache ulivyo kwenye kipande, watoto wanaupenda kweli.

Fua vyote kabla. Vyote, hata vipya, kwa maji ya moto, vimalize kusinyaa sasa hivi sio baadae vikiwa vimeshashonwa. Kitenge chekundu na cheusi fua peke yake, kikishakauka kipake maji kidogo ukisugue na kitambaa cheupe, kikiacha alama rudia kufua. Habari ya kuloweka kwenye chumvi ili rangi ishike naisikia kila siku, haifungi rangi iliyokwisha kulegea, unapoteza chumvi ya mboga bure. Kikiendelea kutoa rangi mfua wa tatu wa nne mi nakitoa kwenye fungu tu, sina muda nacho.

Sasa kushona bila patani. Watu wanadhani bila patani maana yake shona ovyo, sio. Huchori mchoro na hupimi kila kipande, lakini kila ukiunganisha lazima unyooshe. Unachukua vipande viwili vyenye upande mmoja ulionyooka, unaunga, unapiga pasi mshono ulale upande mmoja, halafu unaweka rula au hata ubao ulionyooka unakata pembeni pakae sawa, ndo unaongeza cha tatu. Kimepungua? Ongeza ukanda. Kimezidi? Kata, kilichokatwa kinaenda kwingine. Ukiruka hiyo hatua ya kunyoosha, vikosa vidogo vinajumlishana mpaka katikati panavimba kama chapati iliyopata hewa na hakuna pasi ya kulilaza. Fanya mabamba, yaani viraka vilivyoungwa vikawa kipande kimoja, ya ukubwa wowote, ya shubiri mbili tatu hivi, yakiwa mengi yatandaze kitandani uanze kuyahamisha hamisha, huyu huku huyu kule.

Hapo ndo rangi inaingia na hata hapo sio rangi kwa maana mnayoisema. Angalia giza na mwanga. Piga picha na simu halafu igeuze iwe nyeusi na nyeupe, utashangaa ile nyekundu na ile kijani ulizodhani zinagombana zote ni kijivu kimoja, na blanketi zima limelala halina uhai. Linahitaji vipande vya mwanga na vipande vya giza vipishane. Na linahitaji mahali pa jicho kupumzika, kitenge kwa kitenge kwa kitenge maua tupu ni makelele. Hapo sare za shule zinaokoa jahazi, ile bluu ya sketi na ile nyeupe ya mashati. Kila Januari mafundi wetu wanashona sare mpaka usiku na mabaki wanatupa, pita uyaombe. Vile vile baada ya tarehe 8 Machi, Siku ya Wanawake, kila kikundi kimeshona kitenge cha aina moja, unapata mabaki ya ua lile lile salfeti nzima, na kwaya za makanisani hivyo hivyo. Kitenge kimoja kikijirudia rudia sehemu mbalimbali ndo kinafanya watu waone umekusudia. Khanga nayo ina ule ukanda wa maneno, mi naukata mzima naupitisha katikati. Ila soma kwanza umeandikwa nini jamani, usije ukamtandikia mama mkwe mafumbo kwenye kitanda cha wageni, Mdhaniaye Ndiye Kumbe Siye analalia usiku kucha, asubuhi chai hainyweki.

Na hilo neno matambara lisikutishe. Kuna kijiji kinaitwa Gee's Bend, Alabama huko Marekani, kwenye kona ya mto, wanawake weusi wajukuu wa waliokuwa watumwa kwenye shamba la pamba. Walikuwa wanashona haya haya, nguo za shambani zilizochakaa, magunia, chochote, sababu nyumba zilikuwa zinapitisha upepo na watoto wanataka kujifunika. Mmoja wao Missouri Pettway mwaka 1942 mumewe alifariki, akachukua nguo zake za kazi akashona blanketi la kujifunika. Mnamo 1972 kina mama wa pale walikuwa na tenda ya kushonea kampuni ya Sears foronya za mito za kodrai, kile kitambaa kizito chenye mistari ya manyoya, mabaki ya kodrai yakaenda nyumbani yakawa mablanketi ya njano na kahawia na kijani yale. Mwaka 2002 hayo matambara yakatundikwa makumbusho ya sanaa Houston na baadae Whitney kule New York, 2006 yakawekwa kwenye stempu za posta za Marekani. Na ukiyaangalia mistari imepinda, kona hazikutani, lakini angalia vizuri, mengi ya kodrai ni kodrai tupu, uzito mmoja.

Kwa wasio na cherehani kabisa, maana naona wawili watatu wameuliza, fanyeni ya Wasiddi. Hawa ni watu wa India, Karnataka na Gujarat, asili yao Afrika, mababu zao walivushwa bahari zamani za Wareno na wafanyabiashara wa Kiarabu, wengi kama watumwa. Wanawake wa Karnataka wanashona blanketi linaitwa kawandi, kwa mkono tupu. Wanatandaza sari iliyochakaa chini kama msingi, sisi tuweke shuka au khanga mbili zilizoungwa, halafu wanaanza KONANI, sio katikati. Kipande kinakunjwa ukingo kinapachikwa, kinachofuata kinapanda juu yake kidogo, sindano inapita nguo zote mpaka chini, mshono wa kawaida ule wa kuchoma mbele mbele, wanazunguka pembeni yote halafu mzunguko unaofuata kwa ndani, mpaka wanakutana katikati. Uzuri wake unaunga viraka na kushikiza tabaka kwa mpigo mmoja, hakuna bandi, ile mishono mirefu ya kushikiza kwa muda, wala fremu, na pindo limeshamalizika toka siku ya kwanza. Mwisho konani wanaweka vijipembetatu vya kitambaa kilichokunjwa, wanaviita phula, bila hivyo wanasema blanketi liko uchi. Ni kazi ya muda mrefu lakini unashona huku unaongea huku maharage yanachemka, na umeme ukikatika haikuhusu.

Turudi kwa mwenye cherehani. Kitanda chako umesema futi 5 kwa 6, basi sehemu ya juu fanya futi 7 kwa 7, lishuke pembeni. Katikati weka blanketi la zamani lililokwisha manyoya, ama zile fulana na masweta tulizotenga, zikate zipangwe zikutane ukingo kwa ukingo bila kupandana, uzishikize kwa mkono. Hapo ndo kazi yake. Nyuma weka shuka. Piga bandi kuanzia katikati kwenda nje, mishono mirefu ya mkono, usianze pembeni utasukumia mikunjo yote katikati. Kushona juu ya tabaka tatu na cherehani ya kuazima mi sikushauri, badala yake funga vifundo, uzi wa kufumia masweta unachoma unatokea chini unarudi unafunga, kila baada ya shubiri moja hivi. Linapendeza na halihami. Pindo usihangaike, acha shuka la nyuma lizidi inchi mbili, likunje mara mbili lije mbele ushone.

La jinzi ni hadithi nyingine. Hilo usiweke kitu katikati, jinzi na shuka la nyuma linatosha, ukiweka na blanketi utapata kitu ambacho mtu wa Njombe atakushukuru nacho kweli lakini kukikamua ni watu wawili wenye nguvu. Sindano namba 14 ni ya vitenge, jinzi weka 16 au 18. Pale mishono inapokutana gonga na nyundo kwanza ilainike, kweli kabisa nyundo, halafu vuka kwa kuzungusha gurudumu kwa mkono, usikanyage pedeli.

Kuuza, kwa kifupi. Usianze na la kitanda, muda unaoingia hakuna jirani atakayekulipa, atakwambia mbona ni vitambaa vya bure. Anza na la kubebea mtoto, foronya za makochi, vitu vya futi tatu kwa tatu. Na ukipita Iringa ingia Neema Crafts, ile karakana ya watu wenye ulemavu iliyoanza 2003, wana duka, shika vitu mkononi uangalie nyuma yake palivyomalizwa, nyuma ndo wateja wanaojua wanapogeuza.

La mwisho, hiyo cherehani ya jirani. Jinzi na pamba zinatoa vumbi balaa, linajaa chini ya bamba la meno, yale meno yanayosukuma kitambaa, kwenye nyumba ya bobini. Fungua skrubu mbili, toa vumbi kwa brashi ya mswaki wa zamani, tone la mafuta, shona kitambaa kibovu kidogo ili mafuta yasimchafulie mwenyewe kazi yake, na mbadilishie sindano, maana hiyo uliyoshonea jinzi ncha imeshalala.