Maswali ya Wasomaji: Kisiwa cha Robben

SWALI: Julai naenda Cape Town kwenye mkutano. Nataka kuona gereza alilofungwa Mandela. Nijipangeje?
Msomaji, Nyamagana, Mwanza

JIBU: Gereza hilo liko Kisiwa cha Robben, na hufikiwa kwa boti. Kata tiketi mapema mtandaoni, na uchague siku za mwanzo za safari yako. Julai kule ni majira ya baridi; bahari ikichafuka, boti husitishwa, na aliyejiwekea siku ya mwisho hukosa kabisa. Hata kama umezoea kivuko cha Ukerewe, Atlantiki usiidharau: vaa koti zito. Boti hutoka V&A Waterfront, eneo la bandarini Cape Town, na ziara nzima, kwenda na kurudi, huchukua kama saa tatu na nusu.

Kisiwani, basi la watalii hupita kwenye machimbo ya chokaa, ambako vumbi na mwanga mkali wa mawe meupe viliharibu macho ya Mandela. Ndani ya gereza, kwa kawaida anayeongoza ni aliyewahi kufungwa humo kwa sababu za kisiasa. Muulize maswali, wazee hawa wanapungua. Tazama pia orodha ya mgawo wa chakula: Wahindi na machotara walipewa mkate, Waafrika hawakupewa. Kwenye selo ya Mandela, Jengo B, hukai sana, kwa hiyo tembea mbele ya kundi.