Usizike Mbuzi Kabla ya Kuwapiga Picha

Maji ya mafuriko yalipoanza kushuka nilihesabu mbuzi 11 waliokufa, wengi wamenasa kwenye uzio wa waya, matumbo yameshavimba. Nilikuwa na miaka miwili tu ya kufuga hapa Marekani. Nikachimba shimo, nikawazika wote kabla jua halijawa kali, watoto wasije wakaona. Jioni jirani yangu mzee akapita na trekta, akasimama, akauliza, "Umewapiga picha?" Sikumwelewa kabisa.

Nilimwelewa wiki iliyofuata, nimeketi mbele ya afisa katika ofisi ya kilimo ya kaunti. Wizara ya Kilimo ya Marekani ina mpango wa fidia ya mifugo, wenyewe wanauita LIP. Mnyama akiuawa na hali mbaya ya hewa, mfugaji hulipwa asilimia 75 ya bei ya wastani ya soko, baada ya kutolewa vile vifo vinavyohesabiwa kuwa vya kawaida kwa mwaka. Ila afisa lazima aone kwamba mnyama alikuwepo, na kwamba janga ndilo lililomuua. Mimi niliwanunua kwa pesa taslimu, bila risiti. Picha sina, daftari sina. Yule mama afisa akaniuliza kwa upole kama kuna daktari wa mifugo aliyewahi kuwatibu. Wanne walikuwa wamechanjwa, na karatasi ya chanjo ilikuwa bado kwenye droo ya jikoni. Hao wanne ndio waliohesabiwa. Saba niliwazika na fidia yao.

Kwa hiyo ndugu yangu, hata kama roho inakuuma, toa simu kwanza. Piga picha mzoga mmoja mmoja, namba ya sikioni ionekane, kisha piga eneo zima na maji yake. Mwite mtu asiye na maslahi katika shamba lako aje aone, akuandikie na kutia sahihi. Halafu ndiyo uzike.

Kwa wenzangu wa mboga, mambo ni magumu zaidi, kwa sababu lango hufungwa kabla mvua haijanyesha. Mazao yasiyo na bima ya kawaida yana mpango wa NAP, na ni lazima ujiandikishe kabla ya tarehe ya mwisho ya zao lako. Ada ni dola 325 kwa zao, lakini mkulima anayeanza husamehewa. Uliza hilo wazi. Kiwango cha msingi hulipa hasara inayozidi nusu ya mavuno, tena kwa asilimia 55 ya bei, basi usipige hesabu ya kutajirika. Hasara iripoti ndani ya siku 15. Mboga zinazochumwa kwa mkono, saa 72 tu!

Najua wengi wetu tunaona haya kwenda kule ofisini, tunahisi kama tunaomba sadaka. Mimi pia nilizunguka lile jengo mara mbili kabla ya kuingia. Nenda mapema, shamba likiwa bado zima, usajiliwe upewe namba ya shamba. Siku ya janga foleni ni ndefu na kichwa hakijatulia.

Ikija barua ya kukataliwa, andika juu ya bahasha siku uliyoipokea. Una siku 30 za kukata rufaa.