Ukitaka kumjua mchezaji wa kikapu wa chuo, tafuta mechi aliyokwama

Usiku wa kuamkia Juni 26, 2009 tulikesha sebuleni kwa kaka yangu, Temeke, watu tisa tumebanana mbele ya televisheni moja, tukitazama drafti ya NBA, ambapo timu za ligi ya kikapu ya Marekani huchagua wachezaji wapya kwa zamu. Blake Griffin alikuwa ameshaitwa wa kwanza. Kamishna David Stern akarudi jukwaani na kusoma jina la Hasheem Thabeet: kijana wa Dar es Salaam, nafasi ya 2 katika drafti ya NBA, anakwenda Memphis Grizzlies. Tulipiga kelele mpaka majirani wakaamka.

Mimi nilikuwa nimeshawaambia wote mle ndani kwamba ndani ya miaka mitatu atakuwa senta, yule mrefu anayecheza karibu na kapu, anayeogopwa kuliko wote katika ligi. Haikuwa hivyo. Kabla msimu wake wa kwanza haujaisha alipelekwa ligi ya maendeleo, iliyo chini ya NBA, na baada ya msimu wa 2013/14 hakucheza tena NBA. James Harden aliitwa wa 3, nyuma yake tu. Stephen Curry aliitwa wa 7. Hao wawili wakawa nyota wakubwa.

Iliniuma, na bado inaniuma, kwa sababu yule ni wa kwetu. Lakini ndiyo iliyonifanya ninunue kauntabuku na kuanza kuangalia kikapu cha vyuo vya Marekani kwa utaratibu, mechi nzima nzima, mara nyingi saa tisa usiku. Vijana ninaowafundisha kikapu huniuliza namjuaje mchezaji wa chuo atakayefika mbali. Jibu langu ni lile lile kila mwaka: usianze na mechi aliyong'ara. Anza na ile ambayo silaha yake ilinyang'anywa.

Silaha ya Thabeet ilikuwa urefu. Mita 2.21, na msimu wake wa mwisho katika chuo cha Connecticut alikuwa akizuia mitupo zaidi ya minne kwa mechi. Vipande vya video vilijaa mkono wake ukiufuta mpira hewani, na mimi nilivimeza vyote. Mechi ambayo sikuiangalia ni ya Februari 16, 2009, siku aliyotimiza miaka 22. Connecticut walikuwa namba 1 nchini, wakawakaribisha chuo cha Pittsburgh. DeJuan Blair wa Pittsburgh, mfupi kuliko Thabeet kwa takriban sentimita 20, akamaliza na pointi 22 na ribaundi 23, yaani mipira 23 iliyokosa kapu aliyoidaka yeye. Kuna mahali waligombea mpira, mikono ikanasana, Blair akaushusha mwili wake chini na Thabeet akapinduka juu ya bega lake mpaka sakafuni. Wengi walikumbuka ile mieleka. Nilipokuja kuitazama mechi nzima, miaka baadaye, mimi niliangalia miguu. Blair alikuwa anafika kwanza mahali mpira utakapoangukia, anapanua kiuno, kisha anasubiri. Thabeet alikuwa anasubiri mpira ufike ndipo aanze kusogea.

Tena kuna sheria ambayo sikuipa uzito. Vyuoni, mlinzi anaweza kusimama chini ya kapu muda wote akimsubiri atakayeingia. NBA hawaruhusu: ukikaa ndani ya eneo lililopakwa rangi zaidi ya sekunde 3 bila kumkaba mtu kwa karibu, wapinzani wanapewa mtupo huru na mpira wanabaki nao. Kwa hiyo senta analazimika kutoka, kukimbizana na mtu mwepesi mbali na kapu, kisha kurudi. Kazi iliyompa jina chuoni ilikuwa nusu tu ya kazi aliyoajiriwa kuifanya. Ukimpima senta yeyote leo, jiulize kwanza: akitolewa pale chini, kinabaki nini?

Sasa mlinganishe na Curry. Novemba 2008, chuo chake kidogo cha Davidson kilicheza na Loyola ya Maryland, na kocha wa Loyola akaamua kumwekea Curry watu wawili mechi nzima, hata kama mpira hana. Mfungaji aliyeongoza nchi msimu ule akatoka na pointi sufuri. Sufuri! Alifanya nini? Alikwenda kusimama pembeni, akawavuta wale wawili, wenzake wakabaki wanne dhidi ya watatu. Davidson wakashinda kwa tofauti ya pointi 30. Mtu anayeisoma karatasi ya takwimu tu angesema usiku ule Curry alifeli.

Hizo takwimu sizidharau. Mimi huangalia sana mitupo huru, kwa sababu asilimia yake mara nyingi hukuonyesha mkono wa mchezaji vizuri kuliko asilimia ya pointi tatu, ambayo chuoni hutokana na mitupo michache. Umri nao: kijana wa miaka 19 na wa miaka 22 wakiwa na pointi sawa, hao si sawa. Lakini umri usiwe kisingizio cha kumkataa mtu. Draymond Green alimaliza miaka minne Michigan State, akaachwa mpaka nafasi ya 35 mwaka 2012, na bado akawa nyota wa NBA.

Kwetu sisi wa Afrika Mashariki kuna umri wa pili wa kuhesabu, umri wa kikapu. Thabeet aliugusa mpira huu akiwa na miaka kama 15. Joel Embiid wa Cameroon, nyota wa NBA, naye alianza karibu na umri huo, kwa hiyo kuchelewa peke yake hakumfungi mtu. Kinachotofautisha ni kasi ya kujifunza, na hiyo huioni katika mechi moja. Chukua mechi ya Novemba, msimu unapoanza, na ya Machi, unapokaribia kuisha, za mchezaji yule yule, ziangalie siku moja, kosa lile lile ulifuatilie.

Hivyo ndivyo nilivyomfuatilia Khaman Maluach, mzaliwa wa Sudan Kusini aliyekulia Uganda, akiwa chuo cha Duke. Naye alichelewa kuanza kikapu, ana urefu wa mita 2.18 hivi, na watu walianza kumfananisha na Thabeet kwa urefu tu. Nusu fainali ya kitaifa, Aprili 2025, chuo cha Houston kilimsukuma kutoka kila nafasi. Alicheza dakika 21 bila ribaundi hata moja. Niliitazama mara tatu. Karibu miezi mitatu baadaye aliitwa wa 10, akaishia Phoenix Suns. Ukurasa wake katika kauntabuku unasomeka hivi: "Miaka 18. Mitupo huru zaidi ya asilimia 75, mkono upo. Houston: sufuri, miguu inachelewa. Tazama tena baada ya misimu miwili, anza na ribaundi."