Maswali na Majibu: Kusomea Usimamizi wa Mifumo na Mitandao ya Kompyuta

Barua nyingi za mwezi huu zimeuliza namna ya kuingia katika kazi ya kusimamia kompyuta, seva na mitandao. Nimechagua tatu, ya kwanza nikiijibu kwa kirefu kwa sababu ndani yake yamo maswali ya wasomaji wengine wengi.

SWALI: Shikamoo Mshauri. Nilimaliza kidato cha nne nikafaulu masomo matano, yakiwemo Hisabati na Fizikia. Kwa sasa ninafanya kazi katika duka la steshenari hapa Soweto, Moshi, ambako nimejifunza kurekebisha printa na kuweka Windows upya. Ninataka kuwa msimamizi wa mitandao ya kompyuta. Rafiki yangu ananishauri nidundulize fedha nifanye mtihani wa CCNA moja kwa moja, badala ya kupoteza miaka mitatu chuoni. Je, nimsikilize?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Rafiki yako hajakosea yote. Ni kweli kwamba Cisco, kampuni ya vifaa vya mitandao inayotoa cheti cha CCNA, haidai cheti chochote cha awali kwa mtu anayetaka kufanya mtihani wa CCNA. Mwenye dola 300 za Marekani na maandalizi ya kutosha anakaa mbele ya kompyuta kwa dakika 120 na shughuli imekwisha. Lakini cheti hicho huishi miaka 3 tu, kisha hakina budi kuhuishwa, wakati stashahada haina tarehe ya mwisho. Na taasisi nyingi zinapotangaza nafasi za kazi hutaja kwanza stashahada au shahada, halafu vyeti vya kampuni kama nyongeza. Zaidi ya hapo, CCNA hufundisha mtandao, ilhali katika ofisi nyingi za Moshi na Arusha msimamizi ni mtu mmoja anayebeba seva, swichi (kifaa kinachounganisha kompyuta za ofisi), printa, kamera za ulinzi na akaunti za wafanyakazi wote. Kwa hiyo nenda chuo, na mtihani wa CCNA uuweke katika mwaka wa mwisho wa stashahada, ili cheti kiwe bado kipya siku unapoanza kupeleka maombi ya kazi.

Ufaulu wako unatosha kuanzia. Anayeingia ngazi ya 4 ya NTA, yaani astashahada ya awali, anatakiwa kuwa amefaulu angalau masomo 4 yasiyo ya dini, ingawa kozi fulani zinaweza kutaja masomo mahususi, na hapo Hisabati na Fizikia zitakusaidia. Ukipanda ngazi ya 5 na ya 6, mwaka mmoja mmoja, unapata stashahada baada ya miaka 3. Kwa huku kwetu kaskazini, Chuo cha Ufundi Arusha, kilichoanzishwa mwaka 1978 kwa ushirikiano wa Tanzania na Ujerumani Magharibi ya wakati huo, kina kozi za kompyuta, na Chuo cha Uhasibu Arusha kilichopo Njiro kinafundisha teknolojia ya habari pamoja na fani zake za biashara. Popote utakapokwenda, kabla hujalipa ada hakikisha kwamba chuo kimesajiliwa na NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi nchini, na kwamba kozi yenyewe imeidhinishwa, kwa kuwa chuo chenye usajili kinaweza kuwa na kozi isiyotambuliwa. Kisha uliza swali ambalo wazazi na wanafunzi hulisahau: je, mwanafunzi anagusa ruta (kifaa kinachounganisha mtandao mmoja na mwingine) na swichi za kweli kwa mikono yake, au anaziona ukutani kwenye projekta? Jibu la swali hilo lina uzito kuliko uzuri wa majengo.

Sasa nije kwenye jambo ninalolipa uzito kuliko yote, nalo ni kazi unayoweza kuianza leo, kabla ya kukanyaga chuo. Tafuta kompyuta mpakato iliyotumika yenye kumbukumbu (RAM) ya GB 8, uweke programu ya VirtualBox, ambayo ni ya bure, na ndani yake uunde kompyuta pepe tatu zinazotumia Debian, mfumo wa Linux usiolipiwa. Ya kwanza iwe ruta. Ya pili itoe huduma ya DHCP, ile inayogawa anwani, pamoja na huduma ya DNS, inayobadili majina kuwa anwani za namba. Ya tatu iwe kompyuta ya mfanyakazi wa kawaida. Zikishaelewana, ziharibu kwa makusudi. Zima huduma moja, badilisha anwani ya ruta, jaza diski hadi pomoni, halafu soma kumbukumbu za matukio ya mfumo (logi) uone tatizo limeandikwaje. Bando lisikuvunje moyo, kwa sababu maelezo ya amri za Linux yanaweza kukaa ndani ya mfumo wenyewe na kusomwa bila intaneti. Jiandikishe pia na Cisco Networking Academy upate Packet Tracer bila malipo, ujenge humo mitandao ambayo vifaa vyake hungeweza kuvinunua.

Hesabu za anwani zizoee hadi zisikusumbue. Chukua maabara ya shule yenye kompyuta 40. Anwani ya IPv4, ile namba inayotambulisha kifaa kwenye mtandao, ina biti 32, yaani tarakimu za 0 au 1; ukiweka 192.168.10.0/26, biti 26 ni za mtandao na 6 zinabaki kwa vifaa, hivyo unapata anwani 64 (2×2×2×2×2×2). Ya kwanza ni ya mtandao wenyewe na ya mwisho ni ya kutangazia vifaa vyote kwa pamoja, kwa hiyo zinabaki 62 za kugawa, zinazotosha kompyuta 40, printa, ruta na nafasi ya kukua. Anayelielewa hili kwa kulipiga mwenyewe kwenye karatasi hapati shida mtihani unapobadilisha namba.

Mikono nayo ifundishwe. Nunua mita chache za kebo ya Cat5e, vichwa vya RJ45 na koleo la kubania, ujizoeze mpangilio wa T568B kutoka kushoto: nyeupe yenye mstari wa chungwa, chungwa, nyeupe yenye kijani, bluu, nyeupe yenye bluu, kijani, nyeupe yenye kahawia, kahawia. Tazama kwamba jozi ya kijani imetenganishwa na jozi ya bluu imekaa katikati yake. Wanafunzi wengi hupanga rangi jozi kwa jozi kwa sababu zinapendeza, kisha wanashangaa mtandao unapokwenda kwa kusuasua. Na kebo hiyo isizidi mita 100 kutoka swichi hadi kompyuta.

Kinachomtofautisha msimamizi na mtu anayebahatisha ni utaratibu wa kutafuta kosa, na hapa nitakupa tukio la kweli. Shule moja ya hapa Arusha ilipiga simu asubuhi ikisema intaneti imekufa kwa nusu ya wafanyakazi, na kwamba mtoa huduma anahusika. Niliketi kwenye kompyuta moja iliyogoma. Taa ya kebo ilikuwa inawaka, kwa hiyo waya ulikuwa mzima. Nikatazama anwani: kompyuta za shule zilipaswa kuwa na anwani zinazoanza na 10.10, lakini hiyo ilikuwa na 192.168.1.104. Kama ingekuwa na anwani inayoanza na 169.254, ningejua kwamba haikupata jibu lolote kutoka kwa mgawaji ikajipa anwani yenyewe. Lakini hii ilikuwa imejibiwa, tena na mgawaji ambaye hatukumweka sisi. Tukafuatilia kwenye swichi mlango ambao jibu lilitokea, tukaishia ofisi ya mwalimu mmoja aliyeleta ruta ndogo ya nyumbani apate Wi-Fi, akaichomeka kwenye tundu la ukutani. Ruta ile ilikuwa inagawa anwani zake kwa kila kompyuta iliyowahi kuisikia kwanza. Tuliichomoa, kompyuta zikaomba anwani upya, kazi ikaendelea, na baadaye tukaiwekea swichi ulinzi wa kukataa majibu ya DHCP yanayotoka mahali pasipohusika. Anza na waya, nenda kwenye anwani, kisha ruta, kisha majina, ndipo umlaumu mtoa huduma. Kila unachobadilisha kiandike daftarini pamoja na tarehe.

Jambo moja la tahadhari: usijifunzie kwenye mtandao wa mtu mwingine bila ruhusa yake, hata kama nenosiri lake unalijua. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inalihesabu hilo kuwa kosa la jinai, na hakuna mwajiri anayemkabidhi funguo za seva mtu mwenye kesi ya namna hiyo.

SWALI: Ndugu Mshauri, salaam. Mimi ni mzazi, ninaishi Sakina, Arusha. Binti yetu amemaliza kidato cha sita mchepuo wa PCM na anataka kusomea mitandao ya kompyuta. Wajomba zake wanasema ni kazi ya kupanda minara, haimfai mtoto wa kike, na kwamba hapa Arusha kazi yenyewe haipo. Je, asome shahada ipi, na wajomba wana hoja?

JIBU: Salaam, mzazi mwenzangu. Kupanda minara ni kazi ya mafundi wa masafa, wanaume kwa wanawake, wenye mafunzo na mikanda ya usalama. Msimamizi wa mifumo muda wake mwingi yuko mbele ya skrini. Katika hilo wajomba hawana hoja, na ninaomba binti asikatishwe tamaa na mtu yeyote wa nyumbani.

Kuhusu kazi, Arusha ina sekretarieti ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, mabenki, hospitali, na kampuni za utalii ambazo siku hizi haziwezi kupokea mgeni bila mfumo wa kuhifadhi nafasi. Kampuni hizo zina kambi na loji mbugani, na mtu anayeelewa mawasiliano ya huko ana thamani yake. Nitoe mfano. Loji inayotumia setilaiti ya zamani, ile inayokaa juu ya ikweta kwenye umbali wa karibu kilomita 36,000, italalamika kwamba mfumo ni mzito hata baada ya kulipia kasi kubwa zaidi. Ombi linapanda na kushuka, jibu linapanda na kushuka, na safari hiyo ya karibu kilomita 144,000 inakula takribani nusu sekunde hata kwa mwendo wa mwanga, kila mara programu inapouliza na kujibiwa. Kununua kasi zaidi hakufupishi umbali. Dawa ni kupunguza maswali na majibu hayo, kwa mfano kwa kuweka seva ndogo pale loji inayofanya kazi nyingi papo hapo na kuwasiliana na makao makuu kwa mafungu, au kuhamia setilaiti zinazozunguka karibu na dunia. Kijana anayeweza kulieleza hilo kwa meneja wa loji hahitaji kujisifu kwenye usaili.

Shahada ya sayansi ya kompyuta ni nzuri, lakini katika vyuo vingi uzito wake uko kwenye kuandika programu. Mwambie binti aombe orodha ya masomo ya miaka yote na atazame kama kuna mitandao, mifumo endeshi, usalama wa mifumo na mafunzo kwa vitendo viwandani au maofisini. Akipenda kubaki karibu na nyumbani, Chuo cha Uhasibu Arusha kina shahada za fani hizi, na Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi kina shahada inayochanganya biashara na teknolojia ya habari, ambayo kwa lengo la binti yako ningeiweka nafasi ya pili. Baadaye, akitaka shahada ya uzamili, Taasisi ya Nelson Mandela ipo hapo Tengeru.

SWALI: Mshauri, mimi ni mwalimu wa sekondari nje kidogo ya mji wa Moshi, nina umri wa miaka 41. Nimekabidhiwa maabara ya kompyuta na seva yenye matokeo na ada za wanafunzi, ingawa sikusomea kazi hii. Nianzie wapi?

JIBU: Mwalimu, anza na nakala rudufu kabla ya kozi yoyote. Kanuni inayotumika ni ya 3-2-1: kuwe na nakala 3 za data, kwenye aina 2 za vifaa, na 1 ikae nje ya jengo. Data ya seva yenyewe ni ya kwanza. Ya pili iwe kwenye diski ya nje, inayochomolewa baada ya kunakili ili virusi vinavyofunga mafaili visiifikie. Ya tatu iwe kwenye hifadhi ya mtandaoni ikiwa imefungwa kwa nenosiri. Kisha chagua faili moja la matokeo na ulirudishe kutoka kwenye nakala hadi kompyuta nyingine, ulifungue, ulisome. Nakala ambayo haijawahi kurudishwa usiitegemee. Umeme wa kukatika ghafla nao huharibu hifadhidata, hivyo omba shule inunue UPS ya seva, na uiweke seva ijizime yenyewe betri inapokaribia kuisha.

Tambua pia kwamba taarifa hizo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Kila mtumishi awe na akaunti yake, na mhasibu asitumie nenosiri moja na mwalimu wa taaluma.

Ukishatuliza hayo, fuata mazoezi niliyompa kijana wa Soweto, kwa mwendo wako. Kwa cheti, ninakupendekezea Linux Essentials, cheti cha misingi ya Linux cha shirika la LPI, kuliko CCNA: mtihani ni mmoja, wa maswali 40 kwa dakika 60, hauna sharti la cheti kingine, na ukifaulu cheti hakiishi muda, jambo linalomfaa mtu anayesoma jioni baada ya vipindi.