Kusuka ringi ya baiskeli ya mbio: sikiliza spoku, usiangalie ringi peke yake

Spoku ya kwanza ilinikatikia karibu na Usa River, nikitoka Arusha kwenda Moshi. Ikalia "ting!" kama uzi wa gitaa, na ringi ya nyuma ikaanza kusugua breki. Nikailegeza breki, nikaendelea. Fundi wa njiani akaniwekea spoku nyingine, akanyoosha ringi, nikamlipa. Wiki iliyofuata ikakatika ya jirani yake. Baada ya ya nne nikaacha kuhesabu, nikaanza kuzilaumu spoku zenyewe kwamba ni feki.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja mwenye kijiwe chake chini ya mti, anayetengeneza zaidi baiskeli za kubebea maziwa na majani ya ng'ombe. Nilimsalimia, nikamwonyesha gurudumu. Hakuangalia kama limenyooka. Alizishika spoku mbili mbili, akazibana kwa vidole kama mtu anayepima embe, akasema: "Mwanangu, hizi zimelegea. Spoku haifi kwa kukazwa, inakufa kwa kucheza."

Nilirudi nyumbani nikalifikiria hilo neno, na hesabu ikamkubali. Gurudumu la baiskeli ya mbio likizunguka mara moja linakwenda mita 2.1 hivi. Arusha hadi Moshi ni kama kilomita 80, kwa hiyo ni mizunguko karibu 38,000. Kila mzunguko, spoku zinapofika chini kwenye lami zinapunguziwa mkazo kidogo, kisha zinarudishiwa. Spoku iliyokazwa vizuri inapungukiwa tu, lakini ile legevu inaachia kabisa halafu inavutwa tena kwa mshtuko. Kunja waya huku na huku mara elfu kadhaa uone. Ndiyo maana zangu zote zilikatikia sehemu ileile, kwenye kona, pale spoku inapojikunja kuingia kwenye habu, kile kitovu cha gurudumu.

Hapo ndipo nilipoamua kujisukia magurudumu yangu mwenyewe. Huu ni mwaka wa sita, nimesuka ya kwangu na ya rafiki zangu kadhaa, na nimeharibu ya kutosha kuweza kumwambia mtu kitu.

Tuanze na ringi, maana ndipo watu wanapopoteza hela. Magurudumu yaliyokuja na baiskeli yangu ya mtumba yalikuwa na ringi za kupendeza zenye kina kirefu, yaani ukuta mrefu kuelekea habu, na spoku 24 nyuma. Mimi nina kilo 92, na barabara zetu zina matuta kila penye kijiji. Gurudumu lile lilijengwa kwa ajili ya mtu mwingine na lami nyingine. Ukiwa na mwili kama wangu, au unafunga mzigo nyuma, tafuta ringi ya matundu 32, yenye kuta mbili, kina cha wastani, na usione haya. Wazee wa Raleigh walijua: baiskeli zile za Kiingereza zilikuwa na spoku 32 mbele na 40 nyuma, kwa sababu uzito wa mpanda baiskeli umekaa nyuma. Kijana wa kilo 60 anayekwenda mashindanoni anaweza kushuka hadi 28 au 24, sigombani naye. Ringi za kina cha milimita 50 zinakata upepo kweli, lakini upepo wa ubavuni nao unazisukuma kweli, hasa gurudumu la mbele.

Upana wa ndani ndio kitu nilichokidharau kwa muda mrefu. Ringi za zamani zilikuwa na milimita 13 hadi 15. Kwa tairi la upana wa milimita 28, ambalo kwa barabara zetu naliona ndilo la maana, milimita 17 hadi 19 zinalikalisha tairi vizuri zaidi, na unaweza kupunguza upepo kidogo bila tairi kulala kwenye kona.

Halafu kuna mtego wa namba. Ukimwambia muuza spea unataka ringi ya "28", yaani inchi, anaweza kukupa ya Phoenix, zile baiskeli nzito za kazi. Ile kipenyo chake cha kukalia tairi ni milimita 635. Ya baiskeli ya mbio, ile inayoandikwa 700C, ni 622. Tofauti ni milimita 13 tu, kwa macho huioni, lakini tairi la moja halitakaa kwenye nyingine hata ulipigie magoti. Soma namba ndogo ubavuni mwa tairi, tafuta 622.

Kama breki zako zinabana ringi, jua kwamba ringi inalika. Vumbi letu jekundu likichanganyika na maji ya mvua ni msasa. Ringi nyingi nzuri zina kitundu kidogo au mfereji ubavuni; ukifutika, ringi imekwisha, hata kama inang'aa. Ukichukua ya mtumba angalia hapo kwanza, kisha ilaze juu ya kioo cha meza au sakafu ya marumaru uone kama inagusa pote. Ringi iliyopinda inaweza kunyooshwa kwa spoku, ila utakuwa umezifanyia kazi ambayo si yao, na mkazo hautalingana tena.

Spoku: mimi nachukua zile nyembamba katikati, milimita 2.0 kwenye ncha zote mbili na 1.8 tumboni. Watu huona kama nimekwepa nguvu. Kinyume chake, ule wembamba unaifanya spoku ivutike katikati, mahali pasipo na kona, kwa hiyo kona inapona. Nipeli, vile vikofia vinavyofungwa kwenye ringi, chukua za brasi. Nina rafiki Kigamboni aliyeweka za alumini kupunguza gramu chache. Chumvi ya bahari ikazila zikawa unga mweupe, siku ya kukaza zikapasuka moja baada ya nyingine.

Urefu wa spoku ndio ulionitia aibu. Niliamini kipimo cha ringi kilichoandikwa kwenye tangazo la muuzaji, nikaagiza spoku, zikaja ndefu kwa milimita 3. Nipeli zikafika mwisho wa nyuzi huku spoku bado zinacheza. Seti nzima ikaingia sandukuni. Tangu siku hiyo napima mwenyewe: nakata spoku mbili kuukuu, kila moja milimita 200 kamili kutoka ncha yenye nyuzi, nafunga nipeli mpaka ncha ya spoku ilingane na kichwa cha nipeli, naziingiza kwenye matundu yanayotazamana, navuta, napima pengo lililobaki katikati. Pengo jumlisha 400 ndicho kipimo unachokipeleka kwenye kikokotoo cha intaneti, pamoja na vipimo vya habu. Kwa ringi ya kawaida na spoku 32 utapata kitu kama milimita 290 na ushee, na upande wa kulia nyuma huwa mfupi kwa milimita moja au mbili kuliko wa kushoto.

Kusuka kwenyewe hakutishi kama kunavyoonekana. Habu ya 32 ina matundu 16 kila upande. Unaanza na spoku 8 upande wa kulia, ukiruka tundu moja moja kwenye habu. Ya kwanza inaingia kwenye ringi jirani na tundu la valvu, zinazofuata kila tundu la nne. Kisha 8 za kushoto. Hapo unaizungusha habu kwa mkono mpaka spoku zote zilale upande mmoja, na zile 16 zilizobaki unazielekeza upande wa pili. Kila moja inavuka tatu za upande wake: inapita juu ya mbili, inajipenyeza chini ya ya tatu. Ni kama kusuka ukili, ukikosea mwanzo utaona mwisho. Kabla ya kukaza, tazama valvu: spoku za kulia na kushoto kwake zinatakiwa zikae sambamba na kuacha nafasi. La kwangu la kwanza zilikutana juu ya valvu kama mkasi, na mpaka leo kulijaza upepo lazima nijiumize vidole.

Sasa mkazo. Funga nipeli zote mpaka nyuzi za spoku zifichike sawasawa, kisha zunguka ringi nzima ukikaza nusu duara kila moja. Duara moja zima ni kama milimita 0.45, kwa hiyo usiwe na pupa. Mwisho mwisho robo, na kila robo nikikaza napitiliza kidogo na kurudisha, kwa sababu spoku nyembamba hujisokota badala ya kukazika. Sina stendi ya kununua. Nageuza baiskeli juu chini, nafunga vibanio vya plastiki kwenye uma, navikata viguse ringi. Kujua kama ringi iko katikati, geuza gurudumu kushoto kulia. Likikaa palepale, tayari.

Gurudumu la nyuma upande wa kulia, kwenye gia, spoku zimesimama wima zaidi kwa sababu gia zimeibana nafasi ya habu. Hizo zitabeba mkazo mkubwa, hata mara mbili ya za kushoto. Mwenye kipimo cha mkazo atafute kilo 100 hadi 120 kulia, asivuke kiwango cha mtengenezaji wa ringi. Asiye nacho azigonge kwa ukucha. Za upande mmoja zinatakiwa zitoe sauti moja. Programu ya simu ya kutuni gitaa inafanya kazi hiyo vizuri sana. Kushoto sauti ni nzito zaidi, usishtuke. Ringi iliyonyooka yenye sauti kumi tofauti itapinda tena kabla ya mwezi.

Kisha vaa glavu, ubane zile spoku mbili mbili zilizo sambamba kwa nguvu zako zote, kuzunguka gurudumu zima. Utasikia zinalia tik, tik, zikikaa mahali pake. Nyoosha tena, bana tena, mpaka kimya.

Gurudumu langu la tatu nililipeleka kwa yule mzee kabla ya kuvisha tairi. Nilimpa shikamoo, akalipokea, akaligonga kwa kucha akilizungusha polepole, sikio karibu. Akasimama kwenye spoku moja ya kushoto, akaigonga tena. Sikuwa nimeisikia. Nikatoa spana mfukoni, nikaikaza nusu duara pale pale.