Maji ya dripu kabla ya sisplatini yana kazi gani?

SWALI: Mhariri, salaam. Mama yangu anatibiwa saratani ya mlango wa kizazi kwa mionzi, na kila wiki hupewa pia dawa iitwayo sisplatini. Kabla ya dawa hiyo hutundikiwa dripu za maji kwa saa nyingi, nasi tunachoka kusubiri. Sasa analalamika kwamba masikio yanavuma, lakini ametukataza kumwambia daktari, akihofu kuachishwa dawa. Je, maji yale ni ya nini, na je, tunyamaze?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Poleni kwa kuuguza. Msinyamaze. Daktari aelezwe habari za masikio kabla ya dozi inayofuata, na sababu yake inaonekana vizuri katika historia ya dawa yenyewe, kwa kuwa maji hayo mnayoyachokea ndiyo yaliyoifanya iweze kutumika.

Sisplatini ni kampaundi (mchanganyiko wa kikemia) ya metali ya platinamu iliyotengenezwa na Mwitalia Michele Peyrone katika miaka ya 1840, ikakaa zaidi ya karne moja bila mtu kujua kwamba inatibu. Mwaka 1965 Barnett Rosenberg, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan nchini Marekani, alichapisha matokeo ya jaribio ambalo halikuhusu saratani hata kidogo. Alipitisha umeme katika maji yenye bakteria ili aone kama unaathiri kugawanyika kwa seli, akakuta bakteria wanarefuka kama nyuzi pasipo kugawanyika. Ingekuwa rahisi kuusingizia umeme. Yeye na wenzake, kwa uvumilivu ninaouheshimu sana, walichunguza mpaka wakabaini kwamba platinamu ya elektrodi, yaani vipande vya metali vilivyopitisha umeme majini, ilikuwa ikiyeyuka na kuungana na kemikali zilizomo majini. Kwa kuwa saratani ni seli zinazogawanyika bila kukoma, walizijaribu kampaundi hizo, sisplatini ikiwemo, kwa panya wenye uvimbe, na mwaka 1969 wakatangaza kwamba uvimbe ulinywea.

Kwa binadamu mambo yalikuwa magumu. Dawa hii hujibandika kwenye DNA, yaani vinasaba vya seli, na kuizuia isijinakili, lakini haichagui seli za saratani peke yake, na kwa kuwa hutoka mwilini kwa njia ya figo, hujikusanya humo na kuharibu mirija yake midogo. Wagonjwa wa mwanzo walitapika mno na wengi wakaumia figo. Katika miaka ya 1970 watafiti wa hospitali ya saratani ya Memorial Sloan Kettering, New York, walionyesha kwamba mgonjwa akipewa maji mengi na kukojoa sana, figo husalimika zaidi hata kwa dozi kubwa. Dawa ikaidhinishwa Marekani mwaka 1978. Mwaka 1999 majaribio kadhaa yalionyesha kwamba katika saratani ya mlango wa kizazi, mionzi pamoja na sisplatini huokoa wagonjwa wengi kuliko mionzi peke yake, na ndiyo sababu mama anapewa vyote viwili.

Masikio, kwa bahati mbaya, hayalindwi na maji. Dawa huua seli ndogo za sikio la ndani ambazo zikifa hazioti tena, na sauti nyembamba ndizo zinazotangulia kupotea, hivyo mgonjwa anaweza kuendelea kuzungumza na watu vizuri ilhali usikivu umeshaanza kupungua. Hofu ya mama naielewa, lakini nguzo ya tiba yake ni mionzi, nayo inaweza kuendelea hata ikibidi dawa ibadilishwe. Daktari anaweza kumpima usikivu, kupunguza dozi au kufikiria dawa nyingine, kama vile karboplatini, ambayo kwa kawaida huwa na madhara madogo zaidi kwa figo na masikio. Asipoambiwa, atapanga dozi ijayo akidhani mambo ni shwari.

Mwelezeni daktari pia iwapo mama atapata ganzi vidoleni, akikojoa kidogo kuliko kawaida au akitapika hata maji. Homa ya nyuzi 38 au zaidi haisubiri kesho, kwa sababu kinga ya mwili huwa imeshuka. Mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo. Msimnunulie dawa za maumivu za diklofenaki wala ibuprofeni dukani bila kuuliza, maana huziongezea figo mzigo, na akipelekwa zahanati kwa ugonjwa mwingine semeni mapema kwamba yuko kwenye sisplatini, ili asije akachomwa sindano ya jentamaisini, dawa ya kuua bakteria ambayo nayo huumiza figo na masikio.